Daktari Aliyeomba Kusomea Udaktari

Nilikuwa na miaka thelathini na sita siku nilipojaza fomu ya kuomba kusomea udaktari. Fomu ilikuwa ya mtandaoni. Ukibonyeza sehemu ya mwaka wa kuzaliwa, miaka inateremka kama ngazi, na wa kwanza ulikuwa ule waliozaliwa watoto wanaomaliza shule sasa. Nilisogeza kidole chini, nikasogeza tena, mpaka binti yangu aliyekuwa ameketi kando yangu akauliza, "Mama, hujafika tu?"

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimefanya kazi ya tabibu katika hospitali moja hapa Garissa. Kwenye karatasi za serikali cheo changu ni klinikal ofisa. Nilisoma diploma, napima, naandika dawa, nashona vidonda, nafunga mikono iliyovunjika. Lakini mtaani kwetu hakuna anayejisumbua na vyeo. Anayevaa koti jeupe na kuandika dawa ni daktari, basi. Nimeitwa daktari sokoni, msikitini upande wa wanawake, hata na askari wa kizuizi wanaokagua vitambulisho darajani.

Aliyeniita hivyo kwa sauti kuu kuliko wote ni mama yangu. Sisi humwita Hooyo, kama Wasomali wote wanavyowaita mama zao. Alizaliwa upande wa Tarbaj, akachunga huko mpaka ukame mmoja ulipomaliza mifugo, akaja Garissa na mimi mgongoni. Alinisomesha kwa maziwa ya ngamia aliyouza sokoni. Nilipopata kazi hospitalini alikwenda kwa majirani nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba mtoto wake ni daktari. Sikumsahihisha. Mwanzoni niliona haya, baadaye nikaona nimechelewa.

Jambo lililonisukuma kuomba lilitokea mchana wa kawaida tu. Gari lilimleta mama mmoja kutoka upande wa Liboi, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Daktari wa upasuaji alikuwepo, lakini msaidizi wake alikuwa likizo, akaniita mimi nimsaidie kumpasua.

"Shika hapa," aliniambia. "Usilegeze."

Nikashika, sikulegeza. Mtoto alitoka akiwa na hasira, akalia kama aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Tulipokuwa tunanawa mikono, daktari aliniangalia.

"Mikono yako imetulia," akasema. "Ilikuwaje hukwenda kusomea udaktari?"

"Niliolewa, nikazaa, nikapata kazi."

"Hizo ni sababu za kuchelewa. Mimi nimeuliza kwa nini hukwenda."

Jioni nilimpigia mume wangu, ambaye ni dereva wa boza, lori la kubebea maji, huko Dadaab na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Nilimweleza kwamba kuna chuo kikuu Nairobi kinachopokea matabibu wenye alama nzuri za kidato cha nne, ila lazima ufanye mtihani wao wa kujiunga. Nilisikia injini ya lori ikinguruma, kisha akaizima.

"Wewe si unatibu tayari?" akauliza. "Utatibu nini tena?"

"Nitapasua."

"Haya, omba. Lakini Hooyo utamwambia wewe mwenyewe."

Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Ningemwambiaje mwanamke anayejulikana bulla nzima, yaani mtaa wetu wote, kama Mama Daktari kwamba bintiye ndiyo kwanza anaomba udaktari? Nikakitoa cheti changu cha kidato cha nne kwenye sanduku lake akiwa sokoni, nikakipiga picha juu ya mkeka kwa simu, nikakirudisha kama kilivyokuwa, nikatuma maombi.

Mtihani ulikuwa wa baiolojia, kemia, fizikia na Kiingereza. Baiolojia sikuiogopa. Kemia ilikuwa imenitoka kichwani kama maji kwenye chekecheke. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, akajitolea kunifundisha, na sijawahi kuona mtu akifurahia madaraka namna ile. Alasiri, jua likianza kulegea, tulikaa barazani na vitabu vyake. Alinipa maswali, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika chini, "Unaweza kufanya vyema zaidi."

"Mama, hii nilikueleza jana."

"Jana nilikuwa nimechoka."

"Mtihani utauliza kama umechoka?"

Hooyo alipita na chai ya maziwa, akatuona tumeinamia daftari moja. "Mashallah," akaniambia, "unamfundisha mtoto." Binti yangu akafunika uso kwa kitabu, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Siku ya kwenda Nairobi kufanya mtihani nilimwambia Hooyo naenda semina. Wafanyakazi wa afya huenda semina kila mara, kwa hiyo halikuwa neno la kushangaza. Aliniombea dua ya safari, kisha akaagiza nimletee mfuko, maana semina zote hutoa mifuko. Nililazimika kununua mmoja mjini kabla ya kupanda basi la kurudi.

Mlangoni pa chumba cha mtihani walikuwa wamesimama vijana wengi, wembamba, wenye miwani, wakinong'onezana majina ya mifupa. Nilipofika wakanyamaza wote, wakajipanga mstari.

"Madam, tuingie sasa ama tungoje?" msichana mmoja aliniuliza.

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nimekuja kufanya mtihani."

Alifunika mdomo kwa aibu, halafu akacheka, nami nikacheka. Tulikaa jirani. Kwenye fizikia nilimsikia akipumua kwa nguvu, na ilinifariji kujua si mimi peke yangu.

Tuliambiwa matokeo yatakuja kwa barua pepe baada ya wiki nne. Wiki ya kwanza nilitulia. Ya pili nikawa nafungua simu kila nikimaliza mgonjwa. Ya tatu nikaanza kuifungua katikati ya mgonjwa, mpaka mama mmoja mwenye mtoto wa surua akaniuliza kama nimeachwa na mume. Binti yangu alinipigia hesabu ya maswali niliyoyakumbuka, akasema baiolojia salama, fizikia inaweza kuja, kemia tumwachie Mungu.

Siri yangu iliharibika Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwa bafuni naosha hina kichwani, simu nimeiacha mkekani. Nikaisikia ikilia, kisha nikasikia imepokewa. Hooyo Kiswahili chake amekiokota sokoni, na kwake herufi p ni b, na v ni f.

"Halo! Nani?" Sauti yake ilijaza nyumba. "Yeye naoga. Sema na mimi, mimi mama yake."

Nikafunga maji.

"Chuo gani? Cha udaktari? Habana, kijana, wewe umebiga makosa. Mtoto yangu ni daktari kitambo."

Nilishika taulo.

"Mtihani? Alifanya mtihani?" Kisha nikasikia sauti yake ikibadilika, ikawa ile anayoitumia mteja anapotaka kumdanganya. "Sasa kijana, sikia mimi fizuri. Amebita ama hajabita?"

Nilitoka mbio, hina ikinichuruzika shingoni. Hooyo alinyoosha mkono kunizuia. "Ngoja," aliniambia kwa Kisomali, "bado naongea naye." Alikuwa ameweka simu kwenye spika, na nikamsikia yule karani wa chuo akijitetea.

"Mama, mimi siruhusiwi kumpa mtu matokeo."

"Mimi si mtu. Mimi mama."

Karani alishindwa kujizuia, akacheka. Hatimaye nilipata simu. Kumbe alitaka jambo dogo tu: picha ya cheti changu ilikuwa imekatika pembeni, namba haisomeki, nitume nyingine iliyo wazi. Matokeo yalikuwa bado hayajatoka. Nilimwomba radhi. "Usijali," akasema, "hata mama yangu angeuliza hivyo hivyo."

Nilipokata simu, Hooyo alikuwa amekaa mkekani, mikono magotini.

"Kwani pale hospitalini wewe ni nani?" akauliza.

Nikamweleza yote, hina ikinikauka kichwani. Nilimweleza tabibu ni nani na daktari ni nani, nini naruhusiwa kufanya na nini siruhusiwi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mtoto wa jirani aliyepasuka kichwa. Nani alimshona?"

"Mimi."

"Ulikuwa na ruhusa?"

"Nilikuwa nayo, Hooyo. Hiyo ni kazi yangu."

Akashusha pumzi. Nikagundua kwamba ndicho kitu alichokuwa anakiogopa, kwamba labda nimekuwa nikishika watu bila ruhusa miaka yote ile. Lakini hakunisamehe siku hiyo. Chakula cha mchana alinisogezea bila kusema, na cha jioni vilevile. Kilichomuuma, aliniambia kesho yake baada ya sala ya alfajiri, hakikuwa cheo.

"Umeenda safari ya mtihani," akasema, "na mimi nimekuombea dua ya semina."

Nilimshika miguu nikamwomba msamaha. Aliniacha nishike kidogo, kisha akanisukuma kichwa kwa kiganja. "Ondoka, hina yako bado inachuja rangi."

Mchana ule ule alivaa shuka yake nzuri ya kutokea, akapita tena nyumba zile zile alizopita miaka kumi na miwili nyuma. Sijui aliwaambia nini hasa. Ninachojua ni kwamba kufikia Jumatatu bulla nzima ilikuwa inangoja matokeo yangu. Wazee walikuwa wananiombea baada ya sala ya Ijumaa. Mwenye duka la mkabala alinipa ushauri kuhusu fizikia, ingawa hakuwahi kuisoma. Wagonjwa waliketi mbele yangu na, kabla ya kusema wanaumwa wapi, wakauliza, "Yametoka?"

Yalitoka Jumanne ya wiki iliyofuata, kama saa nne asubuhi, mbele yangu akiwa mzee mmoja mwenye kikohozi. Nilikuwa nimemfunga mkanda wa kupima presha mkononi. Simu ikalia mezani, nikaona jina la chuo, nikaigeuza kifudifudi.

"Ni wao?" mzee akauliza.

"Ni wao. Tumalize kwanza na wewe."

"Fungua, abaayo, dada yangu. Mimi nakohoa tangu Ramadhani. Dakika moja haitaniua."

Nikafungua. Nilisoma mstari wa kwanza mara tatu kabla haujaingia. Nilikuwa nimefaulu, na niliitwa kwa mahojiano. Mzee aliniangalia usoni, hakuhitaji kuambiwa. Alitoa takbira iliyowaamsha watu wote kwenye foleni, wakajaa mlangoni wakidhani mtu amekufa, kisha wakanikumbatia wanawake, na mtoto mmoja akalia kwa kuogopa makelele. Presha ya yule mzee ilibidi niipime upya baada ya robo saa, maana ile ya kwanza haikuwa ya kuandikwa popote.

Nilimpigia mume wangu, akapiga honi ya boza mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Hooyo nilimwambia ana kwa ana, mlangoni. Alisema alhamdulillahi, akaingia ndani, akaswali rakaa mbili, kisha akatoka na kuuliza kama watu hao wa mahojiano nao wana simu. Binti yangu aliomba kuziona alama zenyewe. Akazipitia moja baada ya nyingine na kidole chake.

"Kemia ndiyo imekushusha," akasema. "Nilikwambia." Halafu akanirukia shingoni.

Kwenye mahojiano, maprofesa watatu waliniuliza kwa nini sasa. Niliwasimulia kuhusu yule mama wa Liboi na mtoto aliyetoka na hasira. Mmoja wao aliandika kitu, mwingine akatabasamu. Barua ya nafasi ilikuja baada ya mwezi, na hospitali ikanipa likizo ya masomo.

Sasa niko mwaka wa pili. Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, namzidi hata mhadhiri mmoja, na wenzangu huniachia kiti cha mbele kwa heshima ambayo sikuiomba. Kemia bado inanisumbua.

Likizo nikirudi Garissa, Hooyo hutaka kujua nimesoma nini. Mara ya mwisho nilimchorea moyo kwenye daftari, nikamweleza vyumba vinne, damu inaingia wapi na kutokea wapi. Aliangalia mchoro wangu, akatikisa kichwa.

"Hapa umekosea," akasema, akiweka kidole upande wa kushoto wa moyo. "Ukuta huu uchore mnene. Hata wa mbuzi ni hivyo. Huo upande ndio huwa wa mwisho kuiva."

Nikafungua kitabu kuhakikisha. Alikuwa sawa kabisa. Nikafuta, nikachora upya, naye akavuta mkeka karibu ili aone vizuri.