Swali la Bi Iko Hai

Dada yangu alifundisha watu wa sheria kuandika, na kwa jinsi alivyolalamika ungedhani anafundisha mbuzi kupiga pasi. Watu wanaingia chuoni na akili zao timamu. Wanaweza kumsimulia jirani ugomvi wa mpaka wa kiwanja hadi jirani akachukua upande. Wape kalamu, uwaambie waandike hoja ya mahakamani, basi yanatoka maneno kama "kwa mujibu wa hayo yaliyotajwa hapo juu na bila kuathiri yatakayotajwa hapo chini". Dada alikuwa akisoma hayo huku ameshika tama, kisha anatafuta kalamu nyekundu.

Mbele yake walimwita Mwalimu, lakini akigeuza mgongo alikuwa Bi Iko Hai. Jina lilitokana na swali lake. Mwanafunzi akisimama kutaja hukumu ya zamani inayomuunga mkono, dada hakuuliza kwanza inasema nini. Aliuliza, "Iko hai?" Maana yake, umeangalia kama mahakama ya juu haikuitengua baadaye? Hukumu inaweza kukaa kitabuni miaka na miaka, imechapwa vizuri, ina jalada gumu na herufi za dhahabu, kumbe ilishatenguliwa zamani na haimsaidii mtu. Aliyejibu "nadhani" alitumwa maktaba palepale, mbele ya wenzake, hata kama mvua inanyesha na maktaba iko ng'ambo ya uwanja. Wengine walirudi wamelowa chapachapa. Hao ndio waliokuja kuwa mawakili wazuri, au ndivyo alivyopenda kuamini.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na sheria sikuisoma. Lakini kazi za wanafunzi wake nimezisikia nyingi kuliko mahakimu wengi. Jumapili alikuja kwangu na mfuko wa karatasi, akakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, akanisomea kwa sauti huku mimi nashona. Kanuni ilikuwa moja: miguu yangu ikisimama juu ya pedeli, sentensi imeshindwa. Alisema kama fundi wa nguo haelewi, hakimu aliyeshiba chakula cha mchana naye hataelewa. Cherehani ikinyamaza, anapiga mstari mwekundu, tunacheka, tunaendelea. Nilimdai mshahara wa chuo, akanijibu kwamba ananilipa kwa elimu. Nikamwambia elimu hiyo haitii zipu kwenye sketi.

Baraza hiyo ilikuwa ya nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu. Kiwanja kiliandikwa jina la shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu kilipouzwa, sisi tukiwa mbali kikazi. Pesa ilikuwa yetu. Siku ya kuchimba msingi shemeji alikuja, akapanda juu ya kifusi na viatu vyake vya ngozi, akasema mbele ya fundi mwashi, "Jengeni, hapa ni kwenu." Fundi mwashi akacheka, akamwomba ashuke asije akazikwa na msingi. Hakuna aliyeandika neno. Ndugu na ndugu wanaandikiana nini?

Mume wangu alipofariki, shemeji alinyamaza mpaka watu walipoacha kuja kutoa pole. Kisha akataka nyumba yake. Alisema "nyumba yangu" akiwa amekaa kwenye kochi langu, anakunywa chai yangu, na sukari akaongeza. Nikamfungulia kesi. Sikuwa na kitu kingine. Kila nguo niliyoshona tangu ujana wangu ilikuwa imeishia kwenye zile kuta.

Wakili nilitafutiwa na dada. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, nasi nyumbani tulimwita Mkato, kwa sababu alipokuwa chuoni alimwaga mikato katika sentensi kama mpishi aliyeachiwa kopo la chumvi. Dada alimtibu ugonjwa huo kwa kalamu nyekundu. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye ofisi na kitambi, lakini akimwona mwalimu wake bado alimpokea mkoba kwa mikono miwili. Nilimpenda kwa hilo, na hata leo sijamchukia, ingawa nilijaribu.

Kabla kesi haijasikilizwa, Mkato alikuja barazani na rasimu ya hoja zake. Alitueleza mpango kwa utulivu. Kuna hukumu inayosema kwamba mtu akijenga na kuishi mahali kwa muda mrefu, mwenye hati akaona na kunyamaza, basi hawezi tena kumtoa. Kwa hiyo shahidi nitatosha mimi mwenyewe. Nikauliza habari za fundi mwashi, ambaye alikuwa amezeeka na anashinda kwenye duka la mwanawe la misumari na rangi. Mkato akasema tusimsumbue mzee wa watu, upande wa pili watamchanganya kwa maswali bure. Nikamtazama dada ili aseme neno. Dada alikuwa ameshaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti kama kawaida yetu, na cherehani haikusimama hata mara moja. Nilishona mkono wa gauni, nikaingia wa pili, yeye bado anasoma. Sentensi zilikuwa fupi na safi, kila moja inangoja zamu yake. Nilisikia maisha yangu yakielezwa na mtu anayeyaelewa, na nikaona hakuna hakimu atakayeweza kunitoa pale. Dada alihamisha neno hapa, akafuta moja pale, lakini mkono ulikuwa mwepesi na uso umelainika. Alipomaliza akaandika juu ya ukurasa wa kwanza, "Vizuri sana." Kwa miaka yote ile ya kusikiliza kazi za watu, sikuwahi kumwona akiandika hivyo. Mkato alijifanya ameingiwa na vumbi jichoni, mimi nikaenda jikoni kukaanga mayai, tukala tukiwa na furaha.

Hakuuliza kama iko hai.

Siku ya mwisho mahakamani, ushahidi ukiwa umeshafungwa na mawakili wanajumuisha hoja, dada alikaa nami kwenye benchi la nyuma, mkono wake juu ya goti langu. Mkato alizungumza vizuri. Kisha akasimama wakili wa shemeji, msichana mwembamba aliyekaza nywele nyuma. Dada akaninong'oneza kwamba hata huyo ni wake, amemfundisha miaka ya karibuni, tena alikuwa mzuri. Aliyasema kwa majivuno ya mama anayeona mtoto wake akivuka barabara vizuri.

"Mheshimiwa," alisema yule msichana, "hukumu anayoitegemea mwenzangu haiko hai."

Mkono wa dada ukatoka kwenye goti langu. Msichana aliendelea bila haraka, kwa sentensi fupi kama alivyofundishwa. Mahakama ya rufaa ilishaitengua hukumu ile. Ilisema ukimya wa mwenye hati hautoshi, lazima ithibitishwe kwamba aliruhusu, ama kwa maandishi ama kwa mtu aliyemsikia. Na upande wa mdai haukuleta mtu aliyesikia lolote. Hakimu akamuuliza Mkato kama ana la kujibu. Mkato akafunua kurasa zake mbele na nyuma kama anayetafuta funguo mfukoni, kisha akasema hana.

Kwenye ukumbi wa nje, pale watu wanapongojea majina yao kuitwa, dada alimuuliza kwa sauti ya chini kama aliangalia.

"Ningeangaliaje, Mwalimu?" Mkato alisema. "Hoja ni yako."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema kweli, na mimi ndipo nilipoelewa. Dada alipokuwa mwalimu kijana aliandika hoja ya mfano, na aliitolea jasho kuliko kazi yoyote aliyowahi kuandika. Kila darasa liligawiwa nakala. Hukumu iliyokuwa uti wa mgongo wa hoja hiyo ilipotenguliwa, alilitangazia darasa la mwaka huo, akaandika mfano mwingine, akaamuru ule wa kwanza utiwe kapuni. Lakini Mkato alikuwa ameshahitimu. Nakala yake aliitunza ofisini kama watu wanavyotunza cheti cha ndoa, na alipopata kesi ya familia ya mwalimu wake akaona heshima kubwa ni kuitumia. Alibadilisha majina na kiwanja, mwendo wa hoja akauacha ulivyo.

Jioni ile dada aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Nikamwambia aviache. Akaendelea, akaniambia bila kugeuka, "Nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa zamani, nikafurahi. Nikasahau kusoma."

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nilimwambia kwamba watoto wa watu aliwatuma maktaba kwenye mvua, na mdogo wake wa tumbo moja hakumpa hata swali lake la bure. Nilimwambia kwamba alitunza sentensi akaniacha mimi. Nilisema na mengine, ya tangu utotoni, ambayo hayakuhusu nyumba. Hakujibu hata moja, na ningependa angejibu, kwa sababu maneno yaliyokosa wa kuyarudisha yamebaki kwangu mpaka leo.

Hukumu ikatoka, tukashindwa. Mkato alitaka kukata rufaa. Dada alisoma kila kitu upya, safari hii kwa macho, akatuambia ukweli: rufaa si mahali pa kumleta shahidi uliyemwacha nyumbani. Siku ya kuhama, tukiwa tunapakia cherehani kwenye mkokoteni, fundi mwashi alifika getini. Alikuwa amesikia habari dukani kwa mwanawe. Alitazama ukuta aliousimamisha, akagusa pembe yake, akanigeukia.

"Mama, mbona hamkuniita?" aliuliza. "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu."

Dada alikuwa amebeba droo ya nyuzi na sindano, akaiweka chini, akaenda kusimama nyuma ya mkokoteni.

Ninaishi kwake sasa. Cherehani iko kwenye chumba cha mbele, dirishani, na wateja walioweza kunifuata walinifuata. Jumapili bado ananisomea, lakini siku hizi anaanza mchana, kwa sababu asubuhi yote anaitumia kuzikagua hukumu zote zilizotajwa, moja baada ya moja, kwenye kompyuta na kwenye vitabu. Kazi nzuri zinamtia wasiwasi. Akikutana na ukurasa unaokwenda laini anarudi mwanzo, anausoma tena kwa ukali kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini. Mimi nakanyaga pedeli. Tunacheka kidogo kuliko zamani, na hilo linanisikitisha karibu sawa na nyumba.

Aliniomba nihudhurie somo lake la kwanza la mwaka. Nilikataa, nikakataa tena, mwishowe nikajikaza nikaenda na kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati lililochorwa mioyo kwa wino. Darasa lilinuka chaki na viatu vya mvua. Akagawa karatasi zilizobanwa pini, nami nikapewa kama wengine. Ilikuwa hukumu ya kesi yangu. Ndiyo anayofundishia siku hizi badala ya mfano wake. Aliwaeleza kila kitu: hoja nzuri, hukumu iliyotenguliwa, shahidi ambaye hakuitwa, na mwalimu aliyepitia rasimu akaisifu. Hakusema mwalimu huyo ni nani, na hakuhitaji, maana sauti ilikuwa inamtaja.

Alipomaliza, kijana wa mstari wa mbele, ambaye bila shaka alikuwa ameshaambiwa na waliomtangulia jinsi ya kumfurahisha Bi Iko Hai, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na hii yenyewe, iko hai?"

Darasa likacheka. Dada hakucheka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata kule nyuma.

"Iko hai," alisema. "Naangalia kila asubuhi."