Tisa Iliyojaa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nikiishi mtaa wa Kaptembwo na mama yangu na mdogo wake wa kiume, Anko Ndung'u, nilikuwa na kazi moja tu niliyoiona ya maana duniani, nayo ni kuwahesabu wachezaji wa Korongo walipoingia uwanjani. Hakuna aliyenituma. Nilijipa mwenyewe, na ilikuja kunitokea puani.

Korongo ilikuwa timu ya mpira wa kikapu ya pale Nakuru mjini. Wachezaji wake walilipwa mshahara, jambo ambalo majirani zetu hawakulimeza kwa urahisi. "Mtu mzima analipwa kwa kurusha mpira?" waliuliza kila Anko alipopita na mfuko wake wa viatu. Alilipwa, ndiyo, ila kidogo, maana timu yenyewe ilikuwa na jezi kumi tu za kijani na wachezaji kumi wa kuzivaa, na Anko ndiye alikuwa wa kumi. Alikaa mwisho wa benchi na aliingia uwanjani wa mwisho. Akicheza dakika mbili, nyumbani tulizizungumza wiki nzima.

Nahodha alikuwa Kiprono, rafiki yake Anko, mtu wa Olenguruone, mrefu hata akija kwetu ilibidi ainame mlangoni na aendelee kuinama ndani. Alikuja Jumapili baada ya kanisa na viazi vya kwao kwenye gunia dogo, akakaa, akala chapati za mama bila kuhimizwa. Mimi aliniita kocha.

"Niaje, kocha? Tuko sawa?"

"Mko sawa, lakini mnachelewa kurudi nyuma kukaba."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Nilimpenda Kiprono kuliko nilivyompenda Anko, na nalisema hilo bila aibu kwa sababu Anko mwenyewe alilijua.

Mwaka huo Korongo ikaingia mchujo. Zilibaki timu nane bora nchini, na ukishindwa mara moja umeenda nyumbani. Hakuna aliyetutarajia, hata sisi wenyewe. Robo fainali ilichezwa kwetu, Jumamosi alasiri, kwenye ule uwanja wa saruji wenye majukwaa ya mbao, vumbi likituingia machoni kama kawaida ya Nakuru. Timu ilipotoka chumba cha kuvalia, woga ulinishika. Nikasimama juu ya ubao, nikanyoosha kidole, nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka Kiprono, tisa, na nyuma yake Anko, kumi. Anko alinikonyeza. Tulishinda kwa pointi tatu.

Nusu fainali nikahesabu tena, na waliokaa karibu nami wakahesabu pamoja nami. Tukaifunga timu ya Nairobi ambayo ilikuwa imekuja na tarumbeta zake za kusherehekea. Basi ikawa imani ya mtaa. Shabiki ni kiumbe wa ajabu: atakucheka ukiogopa bundi, lakini hafui soksi alizovaa siku timu yake iliposhinda. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulijua kuna msichana wa kuhesabu, na mchoma mahindi wa kona ya kwetu alinipa hindi la bure.

"Jumamosi ni fainali," aliniambia. "Usikose, mtoto. Hata ukiwa na homa, wewe kuja tu uhesabu."

Hakujua kwamba nyuma yangu alikuwa amesimama Shosho, mama yake mama, aliyekuwa amefika siku hiyo kutoka Subukia kuonwa macho na daktari. Shosho hakunigombeza mbele ya mtu. Alingoja nimalize hindi, akaniketisha kitandani.

"Unahesabu watu?"

"Wachezaji tu, Shosho."

"Na wachezaji si watu?" Aliushika mkono wangu, akakikunja kile kidole. "Sikia, Nyambura. Watu si magunia. Hata ng'ombe ya babu yako hakuna mtu alihesabu na kidole. Na watu wakifika kumi, hiyo haisemwi. Unasema tisa iliyojaa. Kenda muiyuru. Unanyamaza hapo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna wenye husikia. Ukiita kumi, mmoja wao anakuja kusimama kwa laini. Na akishasimama, lazima mtu amwachie nafasi."

Mama, aliyekuwa akikanda unga, alisema aache kumtisha mtoto, sisi ni watu wa kanisa. "Hata mimi ni wa kanisa," Shosho akamjibu. "Si mlisomewa habari ya yule mfalme alihesabu watu wake? Uliza pasta ilikuaje." Mama akarudi kwenye unga wake. Mimi nikaapa sitahesabu, na nilipoapa nilikuwa nasema kweli.

Siku ya fainali wingu zito lilikaa juu ya mlima wa Menengai tangu asubuhi, ila kwetu jua lilikuwa kali na upepo ukipiga kutoka ziwani. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Nilijificha kando ya mama, lakini wapi. Mchoma mahindi aliniona, akaniinua mabegani bila kuomba ruhusa, na jukwaa zima likaanza kugonga mbao kwa miguu: "Hesabu! Hesabu!"

Nilijiambia nitaishia tisa. Nilikuwa na miaka minane na watu mia kadhaa walikuwa wakinipigia kelele nihesabu. Mlango wa chumba cha kuvalia ukafunguka, nikanyoosha kidole. Moja, jukwaa likaitikia moja. Mbili. Tatu. Sauti ilikuwa kubwa hata niliisikia ikinitetemesha kifuani. Tisa alikuwa Kiprono, akitabasamu, lakini akitembea polepole kuliko wenzake.

Nyuma yake akatoka wa kumi. Jua lilikuwa limeshuka mgongoni mwake, kwa hiyo nilimwona kama umbo jeusi tu, karibu sana na Kiprono, akikanyaga pale pale Kiprono alipoinua mguu. Nilimpungia mkono nikingoja anikonyeze. Hakunitazama. Sikutaka kusema, na hadi leo sijui kama kinywa kilifunguka chenyewe au nilikifungua. Jukwaa lilisema "Kumi!" nami nilisema nao. Kisha wachezaji wakatawanyika kupasha mwili moto, wakachanganyikana na wageni, na nilipotazama tena Anko alikuwa amekaa mahali pake mwisho wa benchi. Nikashusha pumzi.

Mpaka mapumziko tulikuwa sare. Katika robo ya tatu Kiprono alisukumwa chini ya ringi, akapewa mitupo miwili huru. Wa kwanza ukaingia bila kugusa chuma. Refa akampa mpira wa pili, watu wakanyamaza. Akaudunda mara moja, mara mbili, halafu akageuza kichwa, kama mtu aliyeitwa jina. Nyuma yake palikuwa patupu. Alipatazama pale patupu kwa muda, tena bila hofu, kwa adabu, vile mtu humsikiliza mkubwa wake. Kisha akauweka mpira chini taratibu, na yeye akaufuata.

Walimbeba kwa pikapu ya mtu. Baada ya kitambo tukatangaziwa kwamba nahodha alizidiwa na jua, ameamka, gemu iendelee. Tukapiga makofi. Kocha akatazama benchi lake, akamwingiza Anko. Anko Ndung'u, mtu wa dakika mbili, alicheza mpaka mwisho, akikimbia kama anayefukuzwa, na ni yeye aliyenyang'anya mpira wa mwisho. Tulishinda kwa pointi moja. Kaptembwo nzima ilipiga sufuria jioni ile, nami nilibebwa juu juu kama mtoto wa chifu.

Nilikuwa bado juu ya mabega ya watu nilipomwona mama akija kutoka barabarani, mikono kichwani. Kiprono hakufika hospitali akiwa hai. Tulipokuwa tukimpigia makofi kwamba ameamka, alikuwa amekwisha kufa.

Shosho aliniuliza neno moja tu. "Ulisema?" Nikaitikia kwa kichwa. Akainama, akanitemea mate kidogo kifuani, vile wazee hubariki, na mikono yake ikanishika kama anayeogopa nitachukuliwa. Mikono ile ilinitisha kuliko kifo chenyewe.

Kesho yake nilimkuta Anko amelala na jezi yake, uso ukutani. Nilikaa chini karibu na kitanda, nikakusanya ujasiri.

"Anko. Ni mimi?"

Aligeuka, akanitazama kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nangoja acheke. Ningetoa kila nilichokuwa nacho ili acheke.

"Shosho alikuonya," akasema, na kuurudia ukuta.

Sikuwahi kuhesabu watu tena. Si shuleni, si kanisani. Nikawa muuguzi, na tunapobadilishana zamu mimi huwataja wagonjwa kwa majina, kitanda hadi kitanda, na wenzangu wamezoea kuniita mchungaji. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi, nawaambia wanaitwa nani. Na kila nilipokosa usingizi nilimwona Kiprono akiuweka mpira chini, nikajiambia yule alikuwa mtu aliyenipenda, na mimi ndiye niliyempigia simu mwenye kumchukua.

Mwaka jana Korongo wakaingia mchujo tena. Anko sasa ana tumbo na ugonjwa wa presha, na alikuja kwangu akiwa na tikiti mbili, amefurahi kama kijana. Nikamwambia siendi. Akaniambia niache hizo, kwamba mimi ndiye shabiki nambari moja wa timu hii. Sijui ni nini kilichonikatika. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kitambaa cha vyombo mkononi. Nikamwambia niliwahesabu kumi, yeye akiwa wa mwisho, na hata hakunikonyeza.

Aliweka kikombe chini.

"Mimi sikuingia na wao," alisema.

"Uliingia nyuma ya Kiprono. Nilikuona."

"Nyambura, nyuma ya Kiprono hakukuwa na mtu. Waliingia tisa. Mimi nilikuja kwa mlango wa nyuma wakati mlikuwa mshaanza kupiga kelele ingine."

Nikamwambia jukwaa zima lilisema kumi. Akasema anajua, alisikia akiwa ndani. "Nilisikia mkiita kumi. Nikajiuliza, sasa wa kumi ni nani na mimi niko hapa?"

"Ulikuwa wapi, Anko?"

Alikuwa amesimama nje ya kijichumba cha kocha. Wiki tatu kabla ya fainali, Kiprono alishika ukuta baada ya mazoezi, akamwambia kifua kinambana kama kamba, na akamwapisha asimwambie mtu hadi kombe liishe. Siku ile alipokuwa akifunga viatu midomo yake ilikuwa ya kijivu. Anko aliwaacha watangulie, akaenda hadi mlango wa kocha, akainua mkono agonge.

"Halafu nikafikiria vile watasema. Mtu wa kumi anataka nafasi ya nahodha. Nikashusha mkono." Alikisukuma kikombe kando. "Na si ndio nilipata hiyo nafasi."

Nje watoto wangu walikuwa wakigombania baiskeli. Niliwasikiliza.

"Haikuwa wewe," Anko alisema. "Haijawahi kuwa wewe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nikiwa darasa la pili, na nilidhani yakija nitalia kwa nafuu. Nililia kwa hasira. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu, na alitoka, akiacha tikiti mezani. Tumezungumza tangu hapo. Nampima presha kila mwezi, anaketi kimya na kunipa mkono kama mtoto. Nimemsamehe kiasi, na kiasi kingine bado.

Kuhusu aliyeingia nyuma ya Kiprono, sina jibu. Watu mia kadhaa walimwona, au walihesabu kwa mazoea bila kutazama. Mama na Anko, watu wazima pekee ninaoweza kuwauliza, wanaogopa swali, na Shosho alishatuacha. Naamini alikuwepo. Naamini pia kwamba kifua cha Kiprono kilikuwa kimeita wiki tatu nzima kabla yangu, na kwamba kati yetu sote tulioimba namba zile hakuna hata mmoja aliyemtazama vizuri usoni. Imani ya Shosho haikunidhuru. Yeye aliniambia nisihesabu, kisha akanibariki nilipokosea. Kilichonidhuru ni mtu mzima kuikuta imani ile imekaa hapo tayari, akaona inafaa kufichia aibu yake. Mtoto wa miaka minane alibebeshwa maiti ya mtu mrefu kuliko mlango, akaibeba mpaka akazaa wake, na miaka yote hiyo aliyeweza kumtua alikuwa akila ugali naye meza moja.