Kopo Tupu la Shemeji

Shemeji yangu, mke wa kaka, hupima mionzi kwenye vyakula, maji na vigae. Mimi husafisha maabara hiyo hiyo. Wenzake wamembandika jina la Kopo Tupu, maana kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, huweka kopo lisilo na kitu ndani ya sanduku zito la madini ya risasi, yasiyopitisha mionzi kirahisi, na kulipima hilo kwanza.

"Kila kitu kina mionzi kidogo," huniambia. "Ukuta, ndizi, hata wewe. Lazima nijue yetu kabla ya kuhesabu ya mgeni."

Siku moja lilikuja lori la maziwa ya unga. Kopo tupu alishalipima kabla sijafika, hesabu ndogo kama kawaida. Saa nne akapima maziwa, hesabu ikapanda mara tatu. Mkuu wetu akashika kalamu.

"Yafukiwe yote. Mwenye mali atalia, lakini tufanyeje?"

"Subiri, mzee. Nirudie kopo tupu."

"Si ulilipima asubuhi?"

"Asubuhi si sasa."

Hesabu ya kopo tupu nayo ikapanda. Mkuu akacheka. "Haya, tufukie na kopo!" Akatoka kwenda kumtuliza mwenye mali.

Shemeji hakucheka. Alitazama dirisha, meza, sakafu, kisha mimi na ndoo yangu.

"Shemeji, nenda mpaka getini."

Nikaenda. Akaniita, nikarudi. Mara tatu. Kila nilipotoka, namba zilishuka. Akanifuata kwenye korido.

"Ulikwenda hospitali?"

Nikashika shingo. Siku mbili nyuma nilinyweshwa dawa ya tezi, yenye mionzi, nikaambiwa nikae nyumbani. Kazini sikusema. Niliuonea haya uvimbe wangu.

"Mdomo huo ni wa kulia ugali tu? Nenda nyumbani. Na usipakate watoto mpaka siku waliyokupa."

Maziwa yalipimwa upya, yakawa safi. Lori likaondoka na mzigo wake.

Mkuu hunisimulia kisa hicho hadi leo. "Aliandika kwenye ripoti kwamba mtu aliyetibiwa hospitali alikuwa karibu na mashine, na ameshaondoka. Nani? Hasemi! Mwanamke yule ni sanduku la risasi."

"Kweli, mzee," huitikia, nikiendelea kupiga deki.