Diski Juu ya Mafiga

Enzi zile biashara huria iliporuhusiwa, kila mwenye uthubutu Masasi alianzisha kitu. Kasiani akafungua chumba cha gemu. Loo, raha ilikuwa pale! Siku hizi gemu ziko simuni, watoto hawajui utamu wa kusubiri zamu. Hata baba yake, Mzee Edmund, kila aliposhuka kutoka Kitangari alikaa kwenye gemu ya magari akilifokea gari: "Kata kona, mpumbavu we!" Siku moja Kasiani akairekodi sauti yake humo humo kwenye kompyuta, kelele na vicheko vyote.

Mwaka uliofuata mzee akafariki. Kasiani akaapa kwamba mama yake, Severina, lazima aisikie sauti ile.

Lakini mashine ilikuwa imechoka, gemu mpya zinakwamakwama. Akaamua kuiunda upya. Wajuaji wa mjini wakamng'ang'ania anunue prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye kasi kuliko zote. Thubutu! Kwa joto lile la Masasi? Akaazimia ya wastani isiyochemka, pamoja na diski kubwa ya kuwekea gemu. Diski ya zamani yenye sauti ya baba akaichomoa, akampelekea mama bila kumwambia kilichomo.

"Nitunzie mahali salama kabisa, mama, mpaka nirudi na vifaa kutoka Dar."

Aliporudi akapanda Kitangari kumchukua mama na diski. Mama akanyoosha mkono kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, palipotundikwa mahindi ya mbegu, akaiteremsha diski, nyeusi tititi kwa masizi.

"Hapa moshi haukatiki," akasema kwa fahari. "Hakuna mdudu aliyeigusa."

Angeiweka wapi pengine? Kitu cha thamani hutunzwa hapo. Kasiani alijua joto na moshi ni sumu ya diski, lakini akashukuru.

Walipofika Masasi akaisafisha, akaifunga kwenye mashine. Diski mbili kwenye waya mmoja ni kama wake wenza, lazima ijulikane nani mkubwa. Akapanga vile vijipini vya nyuma ya kila diski: mpya mke mkubwa, ya baba mke mdogo. Akawasha. Mpya ikaitika. Ya baba ikagonga ka, ka, ka, ikanyamaza. Akarudia, akarudia tena. Wapi! Na sauti ile haikuwa kwingine kokote duniani.

Machozi yakamlenga, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Kulikuwa na nini humo, mwanangu?" mama akauliza.

"Gemu tu, mama."

"Ahaa, afadhali. Nilidhani nimekuharibia kitu cha maana."