Magunia Yasiyo na Masikio

"Pesa ya jeneza la Matonya iko wapi, Mwenyekiti? Maana Matonya mwenyewe keshazikwa, na seremala bado anamdai mtu aliye hai, ambaye ni mimi!"

Evodia aliyasema hayo katikati ya uwanja wa kiwanda cha kukamua alizeti, Kizota, sindano ya magunia mkononi, malori yakisubiri mzigo. Wapagazi wakasimama kusikiliza. Damas, mwenyekiti wa chama chao cha wapagazi na washonaji, akaweka chini kikombe cha chai.

"Mama Jordan, suala hilo liko kwenye mchakato."

"Mchakato gani? Mtu ameshaoza, mchakato bado mbichi?"

Watu wakacheka kwa pua. Shaaban, kijana wa miwani ya jua aliyemfuata Damas kama mkia, akasogea. Damas akamzuia kwa kidole.

"Mdomo huo, mama, utakukosesha pa kukalia. Nafasi yako ya kushona ina wengi wanaoililia, tena wako tayari kuinunua."

Hapo ndipo palipouma. Matonya alikatwa ujira wake kwa ajili ya mfuko wa msiba tangu chama kilipoanza. Alipofariki, mjane wake Ruthu akakosa hata ubao. Evodia ndiye aliyekimbilia kwa Raphael seremala, akaapa kwamba chama kitalipa, na kama rehani akamwachia mbuzi wake wa maziwa. Mbuzi huyo aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa alikula vya watu na kusinzia akishashiba. Wajukuu wa Evodia kule Nzuguni walikunywa uji wa maziwa yake. Sasa walikunywa wa chumvi, na Raphael ameshasema: msimu wa alizeti ukiisha hajalipwa, Mheshimiwa anakwenda kuchomwa, aliwe na pilipili.

Na Damas alipataje kiti? Siku ya uchaguzi zilikuja gari mbili za vijana wasiojulikana, wakanyoosha mikono kama watu wanaosimamisha basi. Tangu hapo chama kikawa shamba lake. Mwanachama anakatwa, mgeni anayetaka kazi ananunua nafasi, mwenye kiwanda anatoa kidogo ili ujira usipande. Juu ya Damas nako wako wakubwa wa mjini ambao hakuna aliyewahi kuwaona, ila kila Ijumaa pikipiki yao ilikuja kuchukua bahasha.

Evodia akainamisha kichwa. "Samahani, Mwenyekiti. Nimekosa."

Waliomfahamu wakaingiwa na hofu.

Mchana akawaita wenzake wa kushona, Dorkasi na Munira. "Jamani, hatugomi. Kugoma mpaka Mwenyekiti aruhusu, na sisi ni watiifu. Tutashona. Tena tutashona vizuri sana."

"Vizuri vipi?" akauliza Munira.

"Bila masikio."

Dorkasi akajiziba mdomo kwa khanga.

Mshonaji anapofunga mdomo wa gunia huacha pembe mbili, akazizungushia uzi mpaka zikasimama. Hayo ndiyo masikio. Mpagazi huyakamata, gunia likapanda begani. Likishonwa bapa toka mwanzo hadi mwisho, huwa kama mtoto aliyepakwa mafuta asiyetaka kuvalishwa shati.

Wapagazi wenzao walikonyezwa mapema. Kesho yake kila gunia likawateleza. Walijaribu kwa bidii ya kanisani, wakihema, wakiomba msamaha, na malori yakabaki matupu.

Damas akapita akikagua. "Mshono umenyooka. Umekaza. Sasa tatizo nini?"

"Labda yamerogwa, Mwenyekiti," Munira akamjibu kwa upole.

Damas akawaamuru vijana wake wapakie wenyewe. Shaaban akalikumbatia gunia moja kama bwana harusi, wakaenda chini wote wawili. Likapasuka. Punje zikamwingia hadi ndani ya miwani.

Hapo akatokea Ikram, mwenye malori, amefura. Hakuangalia nani yupo.

"Damas! Mimi nakulipa kila wiki ili watu wako watulie na magari yangu yasilale. Haya, yamelala! Nirudishie pesa yangu ya utulivu!"

Wapagazi wote wakageuka. Hata kuku waliokuwa wakidonoa alizeti wakainua vichwa. Ikram akataka kuyameza aliyoyasema, lakini maneno si mate.

"Kumbe mimi nikinyamaza, analipwa huyu?" akasema Joel, mpagazi mkongwe kuliko wote. "Ungekuja kwangu, mwanangu. Ukimya wangu ningekuuzia kwa bei ya jumla."

Damas akamtafuta Shaaban kwa macho. Shaaban alikuwa ameshafika getini, anakung'uta kola.

"Tuchague upya," akasema Evodia. "Ila safari hii hatunyooshi mikono. Anayetaka kura abebe gunia kwanza."

Damas akasema ana kikao mjini. Inasemekana ameonekana Kolo, akiwashawishi wanaowaongoza wageni kwenye michoro ya mapangoni waanzishe chama. Watu wa Kolo, kazi kwenu.

Joel akabeba gunia, akapewa kiti. Masikio yakarudi siku hiyohiyo, baada ya Ikram kukubali mbele ya wote kwamba alichokuwa akimpa Damas kitaingia mfuko wa msiba. Kilichotoka kwanza kilikwenda kwa Raphael.

Evodia akaenda kumfuata mbuzi wake, kamba mkononi. Akamkuta seremala kwenye benchi, anakunywa chai.

"Mbukwa, fundi. Nimekuja kumchukua mheshimiwa wangu."

"Mbukwa, mama. Jeneza limelipwa, kweli. Bado majani. Amenilia majani msimu mzima, pamoja na msasa wangu."

Evodia akachungulia kikombe. "Na chai hiyo, fundi, imekuwaje nyeupe? Siku hizi unafuga ng'ombe?"

Raphael akakitazama kikombe kama vile kimemsaliti.

"Basi, mama. Majani nimesamehe."

"Na mimi maziwa nimesamehe."

Mheshimiwa hakuchangia. Alikuwa bado anatafuna.