Mkate wa Mtakatifu Antoni

Nilipokuwa mtoto, kitu kikipotea kijijini kwetu, nje ya Malindi kwa njia ya Ganda, hakikutafutwa sana. Kilishtakiwa kwa Mtakatifu Antoni. Kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kilibeba jina lake, sanamu yake ilisimama karibu na altare, na kila mtu alijua kazi yake ni kufichua vilivyopotea. Hata mimi niliitwa Antoni. Jina hilo alinichagulia Shangazi Kadzo, dada ya baba, mjane asiye na mtoto, aliyefua vitambaa vya altare na kuona fahari kuliko askofu.

Basi mwaka mmoja katika ile miaka ya themanini, wiki ya sikukuu ya Antoni, mtakatifu msimamizi wetu, mkufu wa dhahabu wa mke wa katekista ukapotea kanisani. Aliyekuwa na ufunguo ni shangazi. Zamani za babu zetu mshukiwa angelishwa kiraho, papai lililosomewa maneno, na mwenye hatia angevimba mdomo. Lakini sisi tulikuwa Wakristo, na kiraho tulikikataa hadharani. Siku ya sikukuu padri alibariki mikate, kama ilivyo desturi ya mtakatifu huyo, akaenda zake kigango kingine. Alipokwisha kuondoka, akina mama wakakumbuka kwamba mkate nao huliwa.

"Mwongo hataumeza," alisema mke wa katekista, kwa upole kabisa. "Si sisi, ni Mtakatifu."

Shangazi alicheka. "Nipeni. Yeye ananijua."

Walikula mmoja mmoja mbele ya sanamu, bila maji, na shangazi wakamweka mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani mbele, nikaona wenzake wanamkodolea koo, si uso. Jaribu wewe kumeza mkate mkavu huku watu wanakutazama koo. Alitafuna, akatafuna, kisha akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na makombo yakaanguka miguuni pa Antoni.

Hakuna aliyempa maji. Baba yangu, ndugu yake wa tumbo moja, alitazama chini.

Ufunguo akanyang'anywa. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao akifika, na watoto wakapata mchezo mpya wa kumkoholea njiani. Yeye hakukanyaga kanisa tena.

Mvua za mwaka uliofuata zilileta mchwa. Fundi aliinua benchi la mbele, lile alilokalia mke wa katekista mwenyewe kila Jumapili, akavunja udongo mgumu wa mchwa uliojijenga chini yake, na mkufu ukatoka ndani. Nilikuwepo. Nikadhani sasa yamekwisha.

Mwenye mkufu akaufuta kwa leso yake, akafanya ishara ya msalaba. "Antoni amemlazimisha mwizi kuurudisha," alisema, na watu wakaitikia amina. Mwizi gani arudishe kitu ndani ya udongo wa mchwa, na ufunguo hana? Hakuna aliyeuliza. Jumapili wakatangaza kwamba wamemsamehe, wakachinja na kuku.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa kivulini mwa nyumba yake, anashona makuti.

"Wameupata, shangazi. Ulikuwa chini ya benchi lake."

Mkono ukasimama. "Wamesemaje?"

"Wamekusamehe."

Akaendelea kushona mpaka kuti likaisha. "Haya, Karisa. Nenda kwenu."

Karisa ni jina langu la nyumbani, la babu, lakini kabla ya hapo yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Antoni sikulisikia tena kinywani mwake mpaka akafa. Mazikoni mke wa katekista ndiye aliyeongoza rozari, kwa sauti nzuri, na watu walilia.

Hasira ile sijaimaliza. Wazee wetu walisema kiraho wamekiacha, hawakukiacha, walikibatiza. Na kile cha kale angalau kilikuwa na mwenyewe, mtu wa kulaumiwa kikikosea. Hiki walimtwika mtakatifu, kisha kila mmoja akalala usingizi wake.

Siku hizi funguo zikipotea nyumbani kwangu, mke wangu hunitania: "Si umwite msimamizi wako?" Mimi hupiga magoti kweli, nikachungulia chini ya kiti.