Kompyuta ya Zahanati Iliyokataa Kuzimika

Jamani, mmewahi kuona kompyuta inayokataa kuzimika?

Sisemi kuwaka. Kuzimika.

Mimi ni bibi, napanga kadi za watoto kwenye zahanati moja. Fundi wa kompyuta pale ni mjukuu wangu wa kike. Siku hiyo alikuwa anabadilisha programu zinazowasha na kuzima mashine kwenye Linux, yaani mfumo unaoendesha kompyuta ile, huku mashine ikiendelea kufanya kazi, ili akina mama kwenye foleni wasisubiri. Ana roho nzuri huyo.

Akamaliza. Mara fundi umeme akachungulia mlangoni.

"Waya wa ukutani unaungua. Baada ya dakika tano nakata umeme. Zimeni hicho kidude."

Mjukuu akatoa amri ya kuzima. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Bibi, imegoma."

"Si uchomoe tu?" akasema fundi umeme.

"Nichomoe! Mwaka jana ilizimika ghafla tukapoteza rekodi za chanjo za watoto mia mbili!"

Muuguzi mkuu akaja, mikono kiunoni. "Wewe si ulisema kazi hii unaijua?"

Mjukuu akanigeukia. Hata hivyo akanielewesha taratibu, mimi nisiyejua kitu.

"Bibi, programu mpya nimeziweka. Lakini msimamizi wa mashine, ile programu inayoongoza nyingine zote, ni yule wa zamani, anafanya kazi tangu ilipowashwa. Amri mpya haielewi."

"Sasa?"

"Sijui, Bibi."

Harufu ya plastiki ikatufikia. Fundi umeme akatazama saa, akatutazama sisi. "Haya, nawaongezea mbili. Mbili tu, mama."

Kwa wasiwasi nikanyanyua kikombe cha chai nilichokuwa nimemletea mjukuu na kukiweka mezani kwake.

Chini yake kulikuwa na karatasi yake ya maelekezo. Mstari wa saba ulikuwa umelowa: "Mpe msimamizi wa zamani ishara ahamie kwenye programu mpya. Usiruke hatua hii."

"Mwanangu," nikasema, "hebu soma hapa."

Akasoma. Akanitazama. Akaandika amri ile, kisha ya kuzima.

Kompyuta ikazimika kwa adabu zake zote.

Mchana ikawashwa. Watoto wote wamo, hakukosekana hata mmoja.

"Kosa lilikuwa la nani?" muuguzi mkuu akauliza.

"Langu," mjukuu akajibu haraka. "Niliruka hatua."

Kikombe hakukitaja.

Nikasimama. "Mwongo huyo. Kosa ni la chai yangu."

Ndugu zangu, ukimpelekea mtu chai kazini, mpe mkononi.